Msinisimulie, bado niko ya tatu

Jana usiku niliandika kwenye grupu letu la tamthilia "jamani mmefika wapi?" hamu imenijaa ya kubishana na mtu, nikapata majibu manne na hakuna mawili yanayofanana. Mmoja kamaliza sizoni nzima tangu juzi na anajisikia mpweke. Mmoja yuko episodi ya tatu na anaomba asisimuliwe. Mwingine hajaanza kabisa maana kamuahidi mumewe wataangalia wote na mume kasafiri, na wa nne ndo kwanza kaanza ile ya zamani ambayo sisi tulishaimaliza, tukaipenda, tukaichukia na kuisahau. Basi, stori ikafia hapo hapo. Kila mtu kaweka kiemoji chake cha kuziba mdomo tukalala.

Mi sikulala vizuri kwa kweli. Nikawa najiuliza hivi zamani tulikuwa tunaongea nini mpaka simu zinazima chaji mkononi?

Niwaeleze kidogo hili grupu maana nalitaja taja tu. Tuko tisa sasa hivi, tulishawahi kufika kumi na nne, na wengi wetu hatujawahi kuonana hata siku moja, tuliletana tu, mtu kamleta rafiki yake, rafiki kamleta wifi yake, wakaingia kwa kubishana wakabaki kwa kupiga soga. Majina ni ya kubatizana. Kuna Mzee wa Spoila, jina linajieleza, kazi yake kuwasimulia watu ambao hawajaangalia. Kuna Shemeji, ambaye mpaka leo sijui ni shemeji wa nani. Kuna Mama Pacha, kuna Dada Mkubwa, na kuna Kaka Kimya ambaye anasoma kila kitu na kujibu mara moja kwa mwezi kama mshahara.

Mwaka ambao mi nauita mwaka wetu ni 2019, sizoni ya nane ya Game of Thrones, ile ya koo zinazogombania ufalme, mapanga na mazimwi. Najua mtanirukia. Ndiyo, waandishi walikuwa wamechoka wanataka kwenda makwao na inaonekana kabisa, sibishi. Ila ilikuwa na episodi 6 tu, kuanzia tarehe 14 Aprili mpaka 19 Mei, moja kwa wiki, Jumapili usiku huko Marekani na sisi tukiipata Jumatatu, na hakuna mtu duniani, awe na hela awe hana, aliyekuwa mbele ya mwenzake. Tulikuwa wote darasa moja.

Ile ya tatu ndo sitaisahau, ya vita vya usiku, dakika 82. Jamani lile giza! Nilifuta kioo cha tv kwa kitambaa. Nikazima taa ya sebuleni, nikavuta pazia, nikapandisha mwanga mpaka mwisho, nikawa najiona mwenyewe tu kwenye kioo nimekunja uso. Nikaandika "wenzangu tv yangu imekufa", kumbe watu wanne wako hivo hivo wamesimama mbele ya tv zao na vitambaa mkononi. Mzee wa Spoila akasema hamjaona kitu nyie, tarehe 10 Juni 2007 The Sopranos, ile ya bosi wa mafia, iliisha kwa kioo kuwa cheusi ghafla katikati ya mtu kula na familia yake, kimya kabisa sekunde kama 10, watu wakawa wanagonga tv zao wanadhani waya umechomoka, kumbe ndo mwisho wenyewe huo. Kesho yake tukasikia mpiga picha wa vile vita vya gizani, Fabian Wagner, anasema picha iko sawa tu, tatizo watu hawajui kuseti tv zao. Shemeji ndo fundi wetu, yeye ndo alikuwa kawaelekeza nusu ya grupu namna ya kuseti, alinuna wiki nzima. Usiku 55 wameshuti, alikuwa anasema, usiku 55 halafu sisi tunaona mishumaa.

Wiki iliyofuata kikombe. Si mnakikumbuka? Watu wanasherehekea ushindi, mapanga, manyoya, pembe za kunywea, na pale mbele ya Daenerys, yule bibie mwenye mazimwi, kimekaa kikombe cha kahawa cha kuuziwa dukani cha karne hii hii tuliyonayo. Kwenye grupu hakuna aliyekiona mpaka tulipoonyeshwa, na Kaka Kimya ndo akatoa neno lake la mwezi: "Mimi nilikiona, nikajua ni cha kwao."

Sasa Dada Mkubwa wiki zile zote hakuwa anaangalia. Mama yake alianguka akavunjika nyonga, kalazwa, na yeye ndo alikuwa anakaa naye usiku kwenye kiti cha plastiki wodini. Kuangalia kwenye simu hawezi, mwanga unaamsha wagonjwa, na bando lenyewe la kuungaunga. Akaniandikia inbox, "mdogo wangu niambie tu kilichotokea, niambie yote, kichwa changu kinataka kufikiria kitu kingine." Nikamrekodia voisi. Ya kwanza ilikuwa dakika 4 hivi nikaona nimeua stori, nikaifuta nikaanza upya, nikaweka sauti za kila mtu, mazimwi nikayaweka na mlio kabisa, ikafika dakika 20 na jirani akagonga ukuta.

Sikujua anamsikilizisha na mama. Anagawana naye spika za masikio, moja sikio la mama moja lake. Na mama yake hajawahi kuona hata dakika moja ya ile tamthilia, sizoni saba zote zilizotangulia hana habari nazo, yeye aliichukulia kama umbea wa ukoo fulani ninaoufahamu mimi. Jumanne nikaanza kupata maswali. "Mama anauliza huyo bibie wa mazimwi hana shangazi wa kumkanya?" Nikajibu mama, ndugu zake wamekufa karibu wote, na huyo mchumba wake, Jon Snow, ndo imegundulika ni mtoto wa kaka yake. Kimya kama nusu saa. Halafu: "Mama anasema ndo maana."

Jumatano swali lingine, Ijumaa lingine. Siku sita katikati ya episodi moja na nyingine zilijaa kabisa, tunajadili zimwi, katikati ya zimwi daktari kasema nini, mama leo kakaa kitako mwenyewe, leo kagoma dawa, leo kauliza Jon Snow kwani hana la kusema zaidi ya kumwambia kila mtu ni malkia wake. Ikafika ya mwisho. Watu dunia nzima walikuwa wamechukia, kulikuwa na ombi mtandaoni la kutaka sizoni ya nane irudiwe upya na sahihi zikapita milioni 1, grupu letu ndo usiseme, Mama Pacha alitoka kwenye grupu akarudi akatoka tena. Mi nikarekodi nikiwa na hasira zangu, nikamalizia kwa uchungu kabisa kwamba baada ya yote hayo aliyepewa ufalme ni Bran, yule kijana wa kiti cha magurudumu. Voisi ikarudi, safari hii sauti ya mama mwenyewe, ya chini chini maana ni usiku wodini: "Afadhali. Huyo alikuwa hagombani na mtu."

Nadhani ndo mtu pekee aliyeridhika na ule mwisho. (Kama hujaangalia mpaka leo na nimekuharibia, pole, ila hata wewe una makosa yako.)

Halafu ndo likaja hili la kumwagiwa kila kitu kwa mpigo. Si jipya, Netflix waliitoa House of Cards tarehe 1 Februari 2013 episodi 13 zote siku moja na watu tukashangilia, mi mwenyewe nilishangilia, nani anapenda kusubiri? Ila kwetu lilituumiza kweli ilipokuja Squid Game, ile ya Kikorea ya watu wenye madeni wanaocheza michezo ya watoto, ukishindwa unauawa. Ilitoka Ijumaa, 17 Septemba 2021, episodi 9. Jumamosi asubuhi Mzee wa Spoila kaamka na macho mekundu kaandika "yule mzee namba 001 jamani" halafu kafuta. Kufuta! Yaani amefuta na sisi tumeshasoma! Nikawa naangalia episodi zote zilizobaki namkodolea yule mzee tu, watu wanakufa huku mi namtazama mzee anavyotabasamu. Watu watatu walitoka kwenye grupu wikiendi ile na wawili hawajarudi.

Cha ajabu Mzee wa Spoila huyo huyo ndo mtetezi mkubwa wa kusubiri. Ni mtu mzima yule, ana stori ya Dallas, tamthilia ya zamani ya ukoo wa matajiri wa mafuta, anatupigia kila mwaka: J.R., yule mkorofi wao, kapigwa risasi kwenye episodi ya tarehe 21 Machi 1980, Marekani nzima inauliza nani kampiga, watu wanavaa mpaka fulana za swali hilo, na jibu likaja tarehe 21 Novemba. Miezi minane, maana waigizaji nao waligoma katikati hapo mambo yakasimama, na Larry Hagman aliyecheza J.R. akaitumia nafasi kudai aongezwe mshahara, na ungekuwa wewe ungeacha? Sasa, anasema Mzee, miezi minane mtu unafanya nini na jirani yako kama si kuongea? Mnaanza na J.R. mnaishia kwenye paa linalovuja. Nikamwambia na wewe leo unaongea nini na jirani yako, akasema jirani yangu yuko sizoni ya pili.

Tulishawahi kujaribu dawa. Breaking Bad, ile ya Walter, mwalimu anayeanza kupika madawa ya kulevya kwa siri, wengi wetu hatukuipata wakati wake, kwa hiyo tukapatana tuianze wote, mbili kwa wiki, Jumanne na Ijumaa, anayetangulia anafukuzwa. Ikaenda vizuri mpaka tukafika pale kila mtu anamtukana Skyler, mke wa Walter. Nanii huyu mwanamke, mnoko huyu, mume anahangaika yeye anauliza maswali. Mi nilikuwemo, sijifichi. Mama Pacha akaandika: "Mimi niliishi miaka sita na mwanaume mwenye simu mbili. Msinitukanie Skyler."

Tiki za bluu zikawaka zote na hakuna mtu aliyeandika kitu. Nilikuwa nasonga jikoni, nikazima jiko kabisa nikakaa chini. Dakika kumi hivi, halafu Kaka Kimya, ambaye mwezi ule alishaongea: "Uligundua vipi dada?" Na Mama Pacha akaanza kutuhadithia, voisi kwa voisi, madeni aliyokuwa hayajui, watu waliokuja kugonga mlango kuuliza kitu ambacho yeye hakijui, mpaka saa nane usiku. Hakuna aliyeangalia ya Ijumaa wiki ile. Baadaye Mzee akatuletea kwamba Anna Gunn mwenyewe, aliyecheza Skyler, Agosti 2013 aliandika kwenye New York Times akieleza jinsi watu walivyomchukia yule mhusika mpaka chuki ikamfikia yeye mwigizaji, na tuzo ya Emmy akachukua mwaka huo huo na uliofuata. Hebu fikiria, anayepika sumu ni Walter, anayedanganya Walter, anayeua Walter, na sisi tumeshikilia koo la mke anayeuliza ulikuwa wapi. Toka siku hiyo kwenye grupu letu Skyler hatukanwi, iko kwenye sheria kabisa, namba mbili, chini ya spoila.

Sheria ya Jumanne na Ijumaa yenyewe ilikufa, watu wana kazi, watu wana watoto, wengine hawawezi kulala bila kujua kinachofuata na siwalaumu, mimi mwenyewe wiki iliyopita nimemeza episodi tano kwa usiku mmoja na kesho yake ukiniuliza nani alimfanya nani nini nakuangalia tu.

Sasa leo asubuhi, baada ya ile ya jana kufa na viemoji vya kuziba mdomo, Dada Mkubwa kanitafuta inbox. Mama hajambo, anatembea na mkongojo wake, ila kamuuliza "yule mwenye sauti siku hizi kaacha kusimulia?" Nikacheka peke yangu. Nikahesabu, Breaking Bad ina episodi 62, nikimpa moja kwa wiki ni mwaka na miezi miwili na ushee, hana wa kumharibia maana hakuna mtu mwingine anayemsimulia, na intaneti haigusi.

Nikafunga mlango, jirani nikamuomba radhi mapema, nikabonyeza kurekodi. Shikamoo mama, leo tunaanza na mwalimu wa kemia, mtu mpole kabisa, yuko jangwani na suruali hajavaa, amevaa chupi tu, na nyuma anasikia ving'ora.

Haikupita saa nzima.

"Marahaba mwanangu. Mwalimu mzima! Mkewe anajua?"