Jumla ya wanafunzi haisemi yote

Kila mwaka wa masomo unapoanza, shule ya kati ninayoifanyia ukalimani hapa Marekani hutoa jedwali la wanafunzi: wangapi wako darasa la sita, la saba, la nane; rangi zao; wanaojifunza Kiingereza; wanaostahili chakula cha bure. Wazazi wengi wanaozungumza Kiswahili huniletea karatasi hiyo wakiwa wameshaangalia jumla tu. Wanaona imeshuka, wananiuliza kama wawahamishe watoto.

Huwa nawaambia watazame kwanza miaka ya kuzaliwa. Mwaka 2007 Marekani ilipata watoto zaidi ya milioni 4.3, na tangu hapo vizazi vimepungua. Watoto wale waliingia darasa la sita yapata 2018 na 2019. Waliowafuata ni wachache, kwa hiyo shule inaweza kupungua hata walimu wakiwa wazuri namna gani. Kisha ikaja korona: kati ya 2019 na 2020 shule za umma nchi nzima zilipoteza zaidi ya wanafunzi milioni moja.

Mimi hufuata kundi moja. La sita la mwaka juzi ndilo la nane la mwaka huu. Kundi hilo likipungua njiani, hapo ndipo pa kuuliza: kodi za nyumba zimepanda? Familia zimefuata kazi mji mwingine?

Safu ya chakula nayo ina mtego. Tangu 2014 shule yenye familia nyingi za kipato cha chini imeweza kulisha kila mtoto bure bila fomu za kipato. Mara nyingine shule kama hiyo huandikwa kwamba wote wanastahili, asilimia 100, na mtu akadhani umaskini umelipuka ghafla.

Lakini kinachonikosesha raha zaidi ni safu ya rangi. Mtoto aliyekulia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, na mtoto ambaye babu wa babu yake alizaliwa jimbo la Georgia hapa Marekani wanaandikwa kisanduku kimoja: Mweusi. Mahitaji yao darasani ni tofauti kabisa, na jedwali halionyeshi. Panapobaki pa kutuonyesha ni lile swali la fomu ya kuandikishwa: nyumbani mnazungumza lugha gani?

Mama mmoja aliandika Kiingereza, ilhali mimi na yeye tulikuwa tunaongea Kiswahili pale pale dirishani kwa karani. Aliogopa mwanawe atatengwa, au wataulizwa makaratasi. Nikamweleza kwamba Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua 1974, katika kesi ya Lau v. Nichols, kuwa shule lazima imsaidie mtoto asiyejua Kiingereza; na 1982, katika Plyler v. Doe, kuwa mtoto hawezi kunyimwa shule kwa sababu ya makaratasi ya uhamiaji. Akaomba kalamu, akakata neno, akaandika Kiswahili.

Nawaomba wazazi wenzangu mfanye hivyo. Kama nyumbani ni Kibembe, andika Kibembe. Mtoto atapewa mtihani wa Kiingereza, na akionekana anahitaji msaada, bado mzazi una haki ya kukataa darasa maalumu. Shule ikiona majina mengi kwenye safu ya wanaojifunza Kiingereza, inakuwa na hoja ya kuomba mwalimu na mkalimani. Majimbo mengi huhesabu wanafunzi mwezi wa kumi, kwa hiyo rekebisheni fomu mapema.