Jinsi Nilivyokitafuta Chanzo cha Oili Iliyovuja Kwenye Mazda MX-5 Yangu

Gari langu ni Mazda MX-5 ya mwaka 1991, lenye viti viwili na injini ya lita 1.6 iliyowekwa kwa urefu wa gari, huku mgongo wa injini ukikaribiana sana na ukuta unaoitenganisha na dereva. Kwa miezi kadhaa liliacha doa la oili kila lilipolala, na doa hilo lilikuwa mahali pale pale, chini ya maungio ya injini na giaboksi. Injini hii huchukua oili isiyozidi lita 4, kwa hiyo hata upungufu mdogo ulionekana upesi kwenye dipstiki.

Fundi wa kwanza niliyempelekea alilinyanyua, akamulika tochi kwa dakika mbili, akaniambia kwamba sili ya nyuma ya krenki shafti, yaani mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni, imekwisha. Sili hiyo ni kipande kidogo cha mpira, lakini ili kuifikia ni lazima giaboksi ishuke, klachi itoke na flaiwili, gurudumu zito lililo mwisho wa krenki shafti, ifunguliwe. Nilikaribia kukubali. Kilichonizuia ni kwamba nilipojilaza mwenyewe chini ya gari, likiwa juu ya stendi nne wala si juu ya jeki peke yake, niliona unyevu hata kwenye sehemu ya juu ya ganda la klachi, upande wa nje. Oili ya sili ya nyuma hutokea ndani ya ganda hilo na kudondoka kwenye upenyo wa chini, mara nyingi ikiwa imechanganyika na vumbi la klachi. Sikuona ni kwa njia gani ingepanda hadi juu.

Jambo la kwanza nililolifanya lilikuwa kunusa. Oili ya giaboksi ina harufu kali ya salfa ambayo haifichiki, na hii haikuwa nayo; ilikuwa oili ya injini, nyeusi na nyembamba. Hapo nikawa nimeiondoa sili ya mbele ya giaboksi katika orodha ya washukiwa.

Kisha nikaosha. Ninaamini kwamba watu wengi hushindwa katika hatua hii, kwa sababu kutafuta uvujaji kwenye injini iliyojaa uchafu wa miaka mingi ni sawa na kutafuta nyayo mpya kwenye njia ya soko. Nilifunika koili, altaneta na mlango wa hewa kwa mifuko ya plastiki, nikapulizia dawa ya kuyeyusha grisi, nikasugua kwa brashi kuanzia juu hadi kwenye sampu, bakuli la oili lililo chini ya injini, nikasuuza kwa maji ya nguvu ndogo na kuacha pakauke kabisa. Nilitia kwenye oili rangi maalumu inayong'aa chini ya taa ya urujuanimno, nikaendesha kwa muda mfupi tu. Ufupi wa safari ni muhimu: upepo unaopita chini ya gari husukuma oili kuelekea nyuma, na ukikawia kuangalia, kila kitu kitakuwa kimelowa tena na hutajua kipi kilitangulia.

Nilipomulika usiku, mng'ao wa kijani ulionekana kwenye ukingo wa gasketi ya tapeti kava, yaani mfuniko wa juu wa injini, na ndani ya mashimo mawili ya plagi. Nilifurahi mapema mno. Nilinunua gasketi mpya, nikasafisha nyuso zote mbili, nikaweka tone dogo la silikoni kwenye pembe tu, pale ambapo uso bapa unakutana na mviringo. Silikoni nyingi ni hatari, kwa sababu ile inayobanwa kuingia ndani hukatika na inaweza kwenda kuziba chujio la waya lililo ndani ya sampu. Bolti zake hukazwa kwa nguvu ndogo sana, kati ya Nm (nyutoni mita) 5 na 9, nami nilitumia spana ya kupimia nguvu kwa sababu mkono wangu umezoea kukaza kupita kiasi. Niliikagua pia vali ya PCV, inayopitisha gesi zinazojikusanya ndani ya injini, maana ikiziba, shinikizo la ndani ya injini huisukuma oili itoke kwenye kila sili iliyochoka. Yangu ililia vizuri nilipoitikisa, dalili kwamba haijakwama, basi nikairudisha.

Mashimo ya plagi yalikauka. Doa chini ya gari likapungua, lakini halikuisha.

Niliosha kwa mara ya pili, na safari hii nikaingiza kioo kidogo chenye mpini nyuma ya silinda hedi. Hapo ndipo nilipoliona: mstari mwembamba unaong'aa, ukianzia chini ya kihisi cha pembe ya kamshafti (mhimili unaofungua vali za injini), ukishuka mgongoni mwa injini hadi juu ya ganda la klachi. Kihisi hicho huzibwa na pete moja ya mpira, ambayo hukaa kwenye joto muda wote, na baada ya zaidi ya miaka thelathini hakuna mpira usiochoka.

Kazi yenyewe ni ndogo ila mahali penyewe panaudhi. Nilifungua koili zinazokaa nyuma ya injini ili mkono upite, kisha, kabla ya kugusa bolti, nikachora mstari wa rangi kutoka kwenye kihisi hadi kwenye silinda hedi. Kihisi hiki ndicho kinachopanga wakati wa cheche, na tundu la bolti yake ni refu ili kiweze kuzungushwa. Bila alama, ungekuwa unabahatisha. Kinashikwa na bolti moja ya spana namba 12, niliyoifungua kwa kupapasa tu. Pete ya zamani ilikuwa imekauka na kuwa bapa, na ilivunjika nilipoichokoa. Niliweka mpya ya Viton, inayostahimili joto kuliko mpira wa kawaida, nikaipaka oili safi na kukirudisha kihisi hadi mstari ukakutana.

Sikuiamini alama peke yake. Injini ilipopata moto niliunganisha pini za TEN na GND kwenye kisanduku cha uchunguzi, ili kompyuta ya gari isiubadilishe wakati wa cheche, nikapima kwa taa ya taimingi, inayomulika kila cheche inapotoka, nikakuta nyuzi 11 badala ya 10 kabla pistoni haijafika juu kabisa. Nilikizungusha kihisi kiasi kidogo sana, nikakaza, nikapima tena.

Tangu siku hiyo ninaweka kipande cha katoni chini ya gari kila jioni. Katoni ya kwanza ilipata matone mawili, ambayo yalikuwa mabaki yaliyojificha kwenye mbavu za ganda la klachi. Zilizofuata zimebaki kavu, na giaboksi haijawahi kushuka.