Ujiji na Kigoma kwa Miguu na kwa Mashua

Wageni wengi hushuka Kigoma wakiwa na haraka ya kwenda Hifadhi ya Gombe kuwaona sokwe ambao mtafiti Jane Goodall alianza kuwachunguza mwaka 1960, na mimi huwasihi waitenge kwanza siku nzima kwa ajili ya Ujiji, mji mkongwe wa jirani. Hapo ndipo mwandishi wa habari Stanley alipomkuta mmisionari Livingstone mwaka 1871, na ndipo misafara ya pembe za ndovu na watumwa ilipokuwa ikianzia safari ndefu ya kuelekea pwani. Kwa maoni yangu, habari ya watu hao waliotembezwa kwa minyororo inastahili kusimuliwa kabla ya ile ya wazungu wawili waliosalimiana chini ya mwembe.

Kutoka kwenye makumbusho ya Livingstone hapo Ujiji, teremka kwa miguu hadi ufukweni, ambako mafundi huunda mitumbwi ya mbao na kuziba nafasi kati ya mbao kwa pamba, huku dagaa waliovuliwa usiku kwa mwanga wa taa wakianikwa juani.

Bandarini Kigoma, uliza habari za MV Liemba, meli iliyoundwa Ujerumani mwaka 1913, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916, kisha ikaibuliwa na Waingereza mwaka 1924.

Anayependa kuogelea atayafurahia maji ya Ziwa Tanganyika, ambayo ni maangavu kiasi kwamba samaki wadogo wenye milia huonekana wakizunguka mawe. Kwa Gombe, ambako hakuna barabara, mashua za kukodi huondoka mapema asubuhi, kabla upepo haujachafua ziwa.