Jazz Epistle Verse 1: watu sita, nyimbo nane na chumba cha kuoshea vyombo

Kwetu neno jazz limekaa kwenye majina ya bendi za magita: Morogoro Jazz, Western Jazz na nyinginezo. Ukilisikia, unangoja solo, ridhim, besi na mwimbaji. Santuri ninayoiandikia hapa haina gita hata moja, wala haina mwimbaji. Ina piano, besi kubwa la kusimama, dramu, tarumbeta, saksofoni alto na tromboni. Ilirekodiwa Johannesburg Januari 1960, ikachapishwa nakala 500 tu, na ndiyo hutajwa kama santuri ndefu ya kwanza ya jazi ya kisasa kutolewa na bendi ya wanamuziki weusi wa Afrika Kusini. Bendi iliitwa The Jazz Epistles. Jina lilifuata mfano wa Jazz Messengers, bendi ya Art Blakey wa Marekani. Wale walijiita wajumbe, hawa wakajiita nyaraka, kama nyaraka za mitume, na santuri wakaiita aya ya kwanza. Aya ya pili haikutoka.

Waliopiga ni hawa. Dollar Brand wa Cape Town, ambaye baadaye alisilimu na kujulikana kama Abdullah Ibrahim, alikuwa kwenye piano akiwa na miaka 25. Johnny Gertze alishika besi na Makaya Ntshoko dramu, nao pia walitoka Cape Town. Mstari wa mbele ulikuwa wa upande wa Johannesburg: Hugh Masekela kwenye tarumbeta, miaka 20, Jonas Gwangwa kwenye tromboni, miaka 22, na Kippie Moeketsi kwenye saksofoni alto, miaka 34, aliyeheshimiwa na wenzake kama mkubwa wao. Tofauti hiyo ya umri ina maana. Kippie alikuwa amekwisha kuimeza bibopu, ile jazi ya kasi ya mpiga saksofoni Mmarekani Charlie Parker, wakati vijana wale wawili bado wanajifunza shule.

Masekela na Gwangwa walitoka katika bendi ya vijana aliyoianzisha Padri Trevor Huddleston. Huddleston ndiye aliyempatia Masekela tarumbeta yake ya kwanza, na ndiye aliyekutana na mpiga tarumbeta Louis Armstrong Marekani hata Armstrong akawatumia vijana wale tarumbeta. Wasomaji wa kusini mwa Tanzania wanaweza kulikumbuka jina hilo kwa sababu nyingine: kuanzia 1960, mwaka uleule wa santuri hii, Huddleston alikuwa Askofu wa Masasi.

Sasa tuje kwenye tungo. Soma kwanza majina yaliyoandikwa kwenye santuri. Wimbo wa kwanza ni Dollar's Moods, na mtunzi wake ni Masekela: mpiga tarumbeta anamtungia mpiga piano wake. Unaofuata ni Blues for Hughie, bluzi iliyopewa jina la Masekela mwenyewe. Kabla ya kutafuta chanzo cha nyimbo hizi New York, kitafute ndani ya chumba kile. Watu sita walijuana, kila mmoja akajua mwenzake anang'aa wapi na anakwama wapi, wakaandika kwa kipimo hicho. Duke Ellington, kiongozi wa bendi Mmarekani, alifanya hivyo miaka mingi na wapigaji wake. Kwa maoni yangu hilo ndilo somo kubwa zaidi ambalo santuri hii inampa mtu anayeandaa albamu yake ya kwanza: usitunge kwa ajili ya "tarumbeta", tunga kwa ajili ya yule mtu anayeishika.

Jambo la pili ni muda, na hapa ni hesabu tu. Santuri za zamani za mizunguko 78 kwa dakika zilibeba kama dakika tatu kila upande. Chukua bluzi ya kawaida, baa 12, kila baa mapigo manne: mapigo 48. Kwa mwendo wa mapigo 120 kwa dakika, mzunguko mmoja wa bluzi unachukua sekunde 24. Dakika tatu ni mizunguko saba na nusu. Melodi hupigwa mara mbili mwanzoni na mara mbili mwishoni, yaani mizunguko minne imekwenda, umebaki na mitatu na nusu. Una wapiga solo wanne: tarumbeta, alto, tromboni na piano. Haitoshi hata mzunguko mmoja mmoja! Ndiyo maana nyimbo za 78 zilibana solo, au zilimpa mtu mmoja tu nafasi.

Santuri ndefu ilifungua hapo. Upande ukibeba dakika 20 na nyimbo nne, kila wimbo una dakika tano, yaani mizunguko 12 na nusu kwa mwendo uleule. Toa minne ya melodi, kila mpiga solo anapata miwili na bado kuna nafasi ya dramu kujibizana na wengine. Katika mzunguko wa kwanza mpigaji anasalimia, katika wa pili anasema. Bendi yenye wapiga solo wa aina hii isingeweza kusikika sawasawa kwenye santuri ya dakika tatu.

Chini ya bibopu yao kuna kitu cha zamani zaidi, nacho ni marabi, muziki wa piano na ogani wa vilabu vya pombe vya mitaa ya watu weusi Johannesburg. Marabi huzunguka kodi nne (kodi ni noti kadhaa zinazopigwa pamoja) bila kusimama. Katika ufunguo wa C ni C, F, kisha C yenye G chini kwenye besi, kisha G, halafu unarudi mwanzo. Zipige polepole kwenye kinanda chochote. Ile hatua ya kutoka F kwenda C ndiyo ile ile ya "Amina" mwishoni mwa tenzi kanisani. Dollar Brand alilelewa karibu na piano ya kanisa la African Methodist Episcopal, kwa hiyo hatua hiyo alikuwa nayo mikononi kabla hajasikia jazi. Mtu akikuambia muziki huu ni nakala ya Marekani, mpigie kodi hizo nne kwanza.

Kutoka Marekani, kilichomkaa Brand zaidi ni mkono wa mpiga piano Thelonious Monk. Monk hakujaza kodi. Mara nyingi mkono wa kushoto alipiga noti ya msingi na ya saba tu, tuseme C na Bb, akaacha ya tano. Mkono wa kulia alipenda kubana noti mbili jirani, mfano F# na G kwa pamoja, kisha anaiachia F# haraka na G inabaki ikilia. Wengi wakijaribu hukosea sehemu mbili: wanashika noti zote mbili muda mrefu, ikawa kelele, au wanaongeza kodi nzima chini yake, ule mwanya ukapotea. Ukimya ndio unaoifanya noti ile isikike.

Kwa bendi inayotaka kujaribu mstari wa mbele wa ala tatu kama huu, anza na kodi moja. Besi apige C. Tromboni ipige Bb iliyo chini kidogo ya C ya kati, alto ipige E juu yake, tarumbeta G juu kabisa. Hiyo ni C7 kamili, yaani kodi ya C iliyoongezwa Bb, na hakuna aliyeirudia noti ya besi. Kwenye karatasi tarumbeta ya Bb itasoma A, maana huandikwa toni moja juu. Alto itasoma C#, maana huandikwa sita kubwa juu. Tromboni itasoma Bb yake kama ilivyo, kwa funguo ya besi. Mazoezi mengi huharibikia hapo hapo: mtu amenakili karatasi ya piano akampa kila mtu, wakapiga noti tatu za funguo tatu.

Kosa la pili ni kuzishusha ala zote tatu chini ya C ya kati zikiwa zimebanana. Pale chini kuna besi na mkono wa kushoto wa piano. Sauti itakuwa tope. La tatu ni joto. Ala ya kupuliza ikipata moto, sauti yake hupanda. Mtu akifanya tyuni ala ikiwa baridi, baada ya nyimbo mbili atakuwa juu ya piano, na piano haiwezi kumfuata. Pulizeni dakika kumi kwanza, kisha ndiyo mfanye tyuni.

Kuna wimbo mmoja ambao jina lake lisipite hivi hivi: Scullery Department, utunzi wa Kippie Moeketsi. Scullery ni kile chumba cha nyuma ya jiko ambamo vyombo huoshwa. Wanamuziki weusi waliitwa kupiga kwenye kumbi za wazungu, watu wakacheza na kushangilia, na saa ya kula ikifika wanamuziki walipelekwa jikoni. Kippie alieleza mwenyewe kwamba jina lilitoka hapo. Wimbo hauna hata neno moja la kuimbwa, kwa hiyo mkaguzi wa serikali hakuwa na mstari wa kukata. Malalamiko yote yako kwenye jina na kwenye sauti ya alto. Mimi ningemwambia msikilizaji mpya aanze na huu kabla ya mingine yote.

Kuna na wimbo Uku-Jonga Phambili, jina la Kixhosa. Mswahili hahitaji kamusi kubwa: uku- ni ku- yetu ya kitenzi, na maana yake ni kutazama mbele. Miezi miwili baada ya kurekodi, tarehe 21 Machi 1960, polisi waliua watu 69 Sharpeville. Ikatangazwa hali ya hatari na mikusanyiko ikapigwa marufuku. Bendi inayoishi kwa kukusanya watu usiku ilikosa pa kupigia. Masekela aliondoka mwaka huohuo, akasoma London kisha New York. Gwangwa alitoka 1961 na msafara wa tamthilia ya muziki King Kong. Brand, Gertze na Ntshoko waliishia Zürich, Uswisi, ambako Duke Ellington alimsikia Brand 1963. Kippie aliishia nyumbani Afrika Kusini, akafariki 1983.

Ukiitafuta, angalia jambo moja. Mwaka 1959 mpiga piano Mmarekani John Mehegan alirekodi Johannesburg na Kippie, Masekela na Gwangwa, na rekodi zile huchanganywa na hizi. Ukikuta orodha ya wapigaji yenye jina la Mehegan kwenye piano, hiyo si Verse 1. Ya kwetu ni ya Dollar Brand. Ukiipata, chagua Blues for Hughie, hesabu baa 12 kwa vidole, na kila mzunguko ukiisha andika nani ameshika solo. Baada ya mara mbili utajua nani anafuata kabla hajapuliza.