Nimekula ng'ombe mzima, nikashindwa na mkia

Msemo huo ulinikuta maabara, na ng'ombe alikuwa ng'ombe kweli.

Nilikuwa nasoma shahada ya uzamili hapa Arusha, nikifanya kazi na seli nyeupe za damu ya ng'ombe zilizoingiwa na Theileria parva, kimelea wa ugonjwa wa ndigana kali. Mfugaji wa huku hahitaji kuelezwa ndigana ni nini. Kisichojulikana sana ni ujanja wa kimelea huyo: akishaingia kwenye limfosaiti, aina mojawapo ya seli hizo nyeupe, anaifanya igawanyike bila kukoma, kama seli ya saratani, na yeye anajishikiza kwenye nyuzi zinazotenganisha kromosomu ili kila seli mpya itoke naye. Ukimpiga kwa dawa ya bupavakwoni, seli inatulia. Mimi nilitaka kupima utulivu huo, na kipimo nilichochagua ni mRNA ya protini iitwayo histoni H4, yaani nakala ya RNA ambayo seli huisoma ili kuitengeneza protini hiyo.

Histoni ndizo zinazozungushiwa DNA: herufi 147 kwenye fungu la histoni nane, na fungu hilo huitwa nukleosomu. Seli inaponakili DNA yake, yaani katika awamu ya S, inahitaji histoni mpya kwa kiasi hicho hicho, na nyingi huzitengeneza wakati huo tu. Kwa hiyo seli zikiacha kugawanyika, mRNA ya H4 ilipaswa kushuka. Kwenye karatasi mpango ulikuwa safi.

Mwezi wa kwanza majibu yalikuwa mazuri kupita kiasi. H4 ilisoma kwenye kila sampuli, yenye dawa na isiyo na dawa, sawasawa. Nilishaanza kuandika kwamba dawa haigusi histoni. Aliyenizuia ni Baba Neema, fundi sanifu wetu, mtu wa maneno machache. Alisimama nyuma ya kiti changu akaangalia skrini.

“Mwanangu, hiki kishimo cha sampuli ambacho hukuweka kimeng'enya, mbona nacho kinasoma?”

“Si uchafu kidogo tu, Baba Neema?”

“Kinasoma 24. Huo si kidogo.”

Kwenye PCR mashine inarudufu DNA mzunguko baada ya mzunguko mpaka ionekane, na namba ni idadi ya mizunguko: ikiwa ndogo ndiyo ishara kwamba mali ni nyingi, na 24 ni mali nyingi. Kimeng'enya alichokisema ndicho kinachogeuza RNA kuwa DNA ili mashine iisome. Usipokiweka hakuna cha kusomwa, labda DNA ya seli yenyewe iwe imepenya. Kwa jeni nyingine unaikwepa hiyo kwa kuweka praima, vipande vifupi vya DNA ambapo kunakili huanzia, pande mbili za introni, yaani kipande cha jeni kisichobaki kwenye mRNA. Jeni hizi za histoni hazina introni hata moja, na tena ziko nyingi: kwa binadamu, H4 peke yake ina nakala zaidi ya 10. Mwezi mzima nilikuwa napima DNA ya ng'ombe.

Nikasafisha sampuli zote upya kwa DNase, kimeng'enya kinachotafuna DNA. H4 ikatoweka. Kama si 36 ni 37, sampuli nyingine kimya kabisa, huku jeni ya kulinganishia ikisoma 18 kama kawaida. Wiki mbili zilizofuata sipendi kuzikumbuka. Nililaumu friza, maana umeme ulikuwa umekatika mara mbili. Nikalaumu praima, nikaagiza nyingine, nikasubiri, zikaja, zikasoma 36.

Nilitoka kwenye shimo hilo nikiwa ndani ya kifodi, siku ya soko Tengeru, nimebanwa kati ya mama mwenye ndoo ya parachichi na dirisha lisilofunguka. Nikaanza hesabu kichwani. Seli ya binadamu ina herufi za DNA zipatazo bilioni 6. Nukleosomu moja kila herufi 200: milioni 30. Kila moja histoni nane: milioni 240. Awamu ya S inachukua kama saa 8. Gawanya, unapata histoni zaidi ya 8,000 kila sekunde, na ng'ombe hayuko mbali na hapo. Kazi ya namna hiyo haifanywi na mRNA inayosoma 36. RNA ilikuwepo. Mimi ndiye nilikuwa siikamati.

Nilikuwa naikamata kwa mkia. mRNA nyingi huishia na mkia mrefu wa herufi A, na praima zangu za kugeuzia zilikuwa za T tupu, zinazong'ang'ania mkia huo. mRNA ya histoni za awamu ya S haina mkia. Inaishia na kipini kidogo, RNA iliyojikunja kama pini ya nywele. Hayo ya kukosa mkia yamejulikana tangu 1972. Nimezaliwa nikayakuta.

Na kumbe kipini hicho ndicho kinachobeba ratiba nzima. Kuna protini iitwayo SLBP inayokikumbatia: inasaidia RNA ikatwe vizuri mwishoni, inaisindikiza ikasomwe, inailinda. Seli huitengeneza SLBP inapokaribia awamu ya S na kuiharibu awamu inapoisha. Upande wa jeni nako, saiklini E na CDK2, jozi ya protini ile ile inayoisukuma seli ianze kunakili DNA, hubandika fosfeti kwenye protini NPAT iliyokaa juu ya jeni za histoni, nazo zinaamka. Lakini kuamka huko kunaongeza kasi ya jeni kutoa mRNA mara chache tu, wakati mRNA yenyewe hupanda zaidi ya mara 30. Tofauti hiyo inatoka kwenye kipini: namna RNA inavyokatwa na muda inaoachwa iishi.

Nikabadilisha praima za T, nikaweka za nasibu zinazoshika RNA popote. Bila dawa, H4 ikasoma 19. Yenye dawa, 23.

Msimamizi wangu hakupiga makofi. “Nionyeshe inakufa inapopaswa kufa,” akasema. Nikachukua seli zinazogawanyika, nikaziwekea haidroksiyurea, dawa ile ile wanayotumia wagonjwa wa selimundu. Inazuia utengenezaji wa herufi za DNA, hivyo kunakili kunasimama. Histoni zikiendelea kumiminika hapo ni hatari, kwa sababu zina chaji chanya na zinanata kwenye DNA na RNA ovyo. Kwa hiyo seli inaongeza herufi chache za U mwishoni mwa mRNA, kama alama ya chaki kwenye ng'ombe wa machinjioni, na vimeng'enya vinaitafuna. Nilichukua sampuli dakika ya 0, 15, 30 na 60. Kufika ya 30 namba ilikuwa imepanda kwa 3, na kila moja ni kupungua nusu, yaani RNA imebaki sehemu moja ya nane.

Nilimwita Baba Neema aje aone mstari ulivyoporomoka. Hakuuangalia. Alitafuta kile kishimo kisicho na kimeng'enya.

“Kiko kimya,” akasema, akaenda kuzima jenereta.