Mwezi Tuliuhesabu, Maji Hatukuyahesabu

Novemba 2018, ukikutana na mtu Mtwara, salamu ya pili ilikuwa korosho. Minada ilikuwa imekwama, Rais Magufuli akatangaza kwamba serikali itanunua yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, wanajeshi wakashika kazi, na wakulima wakawa wanasubiri uhakiki ndipo walipwe. Sisi tulikuwa na harusi ya mdogo wangu Jumamosi ya tarehe 24, mimi nikiwa katibu wa kamati. Nusu ya daftari la michango ilikuwa ahadi za ndugu wa Newala na Tandahimba. Kila niliyempigia alijibu lilelile: "Dada, nikilipwa tu."

Ukumbi tukauacha. Bi harusi mwenyewe hakusikitika hata kidogo, maana ukumbi ule una bati la chini na feni mbili tatu, na Novemba ni tanga mbili: kusi imeshakata, kaskazi haijashika, ndani mnapikwa pamoja na pilau. Jamaa yetu mmoja ana kiwanja Shangani, palepale Mtwara mjini, chenye minazi inayoshuka mpaka ufukweni. Akatupa bure. Jenereta tuliyomudu kukodi ilikuwa ya kubeba spika na taa za meza kuu, basi. Mwanga uliobaki tukamwachia Mungu na mwezi, kwani kwa kalenda ulikuwa unajaa Ijumaa. Maulidi yangekuwa yameshapita, Jumanne ya wiki hiyohiyo. Kamati ikaona tumepata.

Mjomba hakuona hivyo.

Huyu ni mdogo wake mama, mvuvi wa Mikindani, na kwetu mjomba asiposema ndiyo, hakuna harusi. Alikaa kikao kizima kimya, akimsikiliza kijana wa mapambo akituonyesha picha kwenye simu: meza kuu mchangani, zulia jeupe mpaka karibu na maji, mishumaa pande zote mbili. Kijana akasema ameshakwenda kupima, ufukwe ni mpana kama uwanja wa mpira.

"Ulikwenda saa ngapi, mwanangu?"

"Saa nne asubuhi, mzee. Jumamosi ile."

"Mwezi ulikuwa mwandamo. Bamvua. Saa nne utakuta maji yamekwenda zake. Sasa nenda bamvua hiyohiyo saa kumi na moja jioni, kisha uje unionyeshe pa kuweka zulia."

Watu wakacheka, kijana akanuna. Lakini hesabu ya mjomba kila mvuvi wa pwani yetu anayo kichwani: mwezi ukiandama au ukijaa ndiyo bamvua, maji hujaa sana alfajiri na jioni, hupwa sana kati ya asubuhi na mchana, na tena usiku. Mwezi uleule tuliouchagua kwa ajili ya mwanga ndio ungeleta bahari mpaka chini ya viti, saa ileile wapambaji wanapanga.

Ijumaa jioni akatupeleka Shangani na vijiti mkononi. Tukakaa chini ya mnazi kungoja. Maji yalipanda taratibu, yakapita pale kijana alipochora meza kuu, yakapita na kapu la mtoto aliyekuwa akiokota kome. Yaliposimama, mjomba akachomeka vijiti ukingoni, kisha akapiga hatua kwenda juu na kuchomeka vingine. "Hivi ndivyo vya kesho. Mwezi ukijaa leo, maji yake makubwa huja kesho au keshokutwa." Meza kuu ikahamia kwenye majani, kati ya minazi, baada ya kijana mmoja kupanda kuangua nazi zote. Hilo nalo alilisema mjomba. Mishumaa ikafutwa kwa sababu ya upepo wa jioni; akaleta karabai zake mbili za kuvulia.

Chakula sitakieleza sana. Shangazi alikataa pilau lipikwe mapema, moto ukawashwa baada ya alasiri, masufuria yakaja na kirikuu yakiwa bado yanafuka. Kachumbari ilikatwa palepale. Keki ilikaa chumbani kwa mwenye kiwanja, mbele ya feni, ikilindwa na bibi mmoja aliyekataa hata kwenda kumwona bi harusi akiingia. Kwa mbu tulichoma makumbi ya nazi upande unakotoka upepo. Wageni waliovaa suti walilalamikia moshi. Waliovaa kanzu hawakusema kitu.

Ndoa ilifungwa nyumbani baada ya swala ya alasiri. Tulipofika Shangani maji yalikuwa yanapiga kwenye vijiti vya kwanza na kuvipita kidogo. Kijana wa mapambo aliyatazama, akaenda kumshika mjomba mkono bila kusema neno.

Saa moja ikafika, giza totoro. Hapo ndipo kamati ilipogundua kwamba mwezi ukishajaa, kesho yake huchelewa. MC akawa anawakaribisha watu asiowaona, akimwita shemeji aliyekaa kando yake "mama yetu mpendwa". Karabai ndizo zilizotuvusha mpaka ulipochomoza baharini, mwekundu, na akina mama wakaupigia vigelegele kabla ya kumpigia bi harusi.

Kadiri ulivyopanda, ndivyo maji yalivyorudi nyuma. Keki ilipokatwa, mchanga ulikuwa wazi, mgumu, umepoa. Kijana akachukua zulia lake jeupe akalitandika palepale alipopanga tangu mwanzo, na bi harusi akavua viatu akashuka nalo. Baada ya hapo hakuna aliyerudi kwenye viti mpaka saa sita, tulipozima muziki kama kibali kilivyotaka.

Viti vyenyewe tulikuwa hatujamaliza kuvilipia. Mwenye navyo alinipigia simu Desemba yote. Mwaka mpya ulipoingia, mjomba wetu mwingine wa Tandahimba akalipwa korosho zake, akatuma mchango wote aliouahidi, pamoja na ya kutolea. Mhazini alikuwa ameshafunga daftari. Nikamwambia alifungue.