Siku moja maishani mwangu: kuwinda ndorobo, Kilwa

Ukimwambia mtu kwamba unaratibu mradi wa kutokomeza ndorobo, yule nzi anayeuma ng'ombe na kuwaambukiza vimelea vya nagana, tena unaogusa nchi mbili, sisi na Msumbiji, anachokiona yeye ni ndege, hoteli na posho. Aje Njinjo aone grisi.

Saa 11:00 alfajiri. Kambi iko kando ya barabara ya Nangurukuru kwenda Liwale. Chai ya rangi, viazi vitamu vya jana, gari linapakiwa. Dumu la asetoni linafungwa wima nyuma, peke yake, na hakuna kuwasha sigara maana mvuke wake hudaka moto upesi. Vizimba vya akiba, mapanga, kopo la grisi, boksi la barafu, taulo mbichi.

Saa 12:30 asubuhi. Mtego wa kwanza. Ni kitambaa cha bluu na cheusi kilichowambwa kwenye fito, juu yake chandarua chenye umbo la pia, na kileleni kizimba cha kunasia. Bluu humvuta ndorobo kutoka mbali, nyeusi humfanya atue, kisha akitaka kuondoka hukimbilia mwanga juu na kuishia kizimbani. Chini pembeni kuna chupa ya asetoni yenye tundu dogo kwenye kifuniko, na kifuko cha plastiki chenye kemikali za oktenoli na fenoli kinachovuja harufu polepole. Kwa ndorobo hiyo ni harufu ya ng'ombe. Fenoli zikichelewa kufika, mkojo wa ng'ombe uliochacha husaidia, ila usiuweke karibu na chakula chako.

Sasa grisi. Fito isipopakwa, sisimizi hupanda, hula ndorobo wote na kuacha mabawa. Ukikuta mabawa matupu, andika "sisimizi", usiandike sifuri. Nyasi zikiachwa zikue kuzunguka mtego, ndorobo hauoni. Hiyo nayo si sifuri. Tembo akiusukuma, moto wa nyika ukiupitia, mpita njia akikichukua kitambaa, zote hizo si sifuri. Sehemu kubwa ya kazi hii ni kutofautisha sifuri ya kweli na sifuri ya uongo, na fomu yetu ina safu nzima kwa ajili hiyo.

Hesabu yenyewe ni nyepesi: idadi ya ndorobo, gawanya kwa mitego, gawanya kwa siku. Mitego 20 kwa siku 3 ikinasa 42, umepata 0.7 kwa mtego kwa siku. Vizimba vinafunikwa taulo mbichi na kuwekwa ndani ya boksi, kwa sababu ndorobo aliyekufa akakauka hana faida mezani.

Saa 3:00. Hema la maabara. Bawa, miguu, tone la maji ya chumvi, sindano mbili, darubini. Tunaangalia mrija wa kunyonyea, tezi za mate na utumbo. Vimelea vya nagana vikiwa kwenye mrija tu, kuna uwezekano ni aina ya vivax. Kwenye utumbo na mrija, congolense. Vikifika hadi tezi za mate, brucei. Majike hupimwa umri kwa kuangalia mifuko ya mayai, na hapo ndipo ninapokaa muda mrefu. Jike huzaa buu mmoja tu kila siku 9 au 10, buu anajichimbia udongoni na kukaa huko kama mwezi mzima, na dawa haimfikii. Kwa hiyo mitego ikileta vijana tupu, tunaua vizuri na hao ni wa kutoka ardhini. Ikileta majike wazee, kuna mahali wanapitia. Uzazi wao huo wa taratibu ndio unaotupa moyo: ukiongeza vifo vya majike kwa asilimia 4 hivi kwa siku, na ukaendelea bila kukatiza, kundi hupungua hadi kwisha. Tatizo ni hiyo "bila kukatiza".

Saa 5:00. Bomani, na hapa saa zinaanza kupotea. Wafugaji wengi wa upande huu, Wasukuma na Wabarbaig, walifika Lindi baada ya kuondolewa Ihefu miaka ya 2006 na 2007. Hawakuja na ndorobo, walimkuta. Mzee mwenye boma ametusubiri chini ya mkorosho.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba daktari. Mimi nataka ile ya njano tu. Habari za kutoa damu ng'ombe wangu, hapana."

Ile ya njano ni diminazini, dawa ya sindano ya nagana. Kila duka la pembejeo linayo, na kila mzee anajua kuichoma. Tunaeleza kwamba damu haiendi popote, mashine hii hapa, jenereta lile pale. Anauliza kama mashine ni ya wazungu. Anauliza kwa nini tunaua ndorobo tangu mwaka jana na ng'ombe bado wanakonda. Swali zuri, ila anauliza huku amesimama mlangoni mwa zizi na jua linapanda. Inapita saa nzima. Mwishowe anamtoa ng'ombe mmoja, aliyekonda kuliko wote, kama mtihani.

Tunatoboa mshipa mdogo wa sikio, damu inaingia kwenye kijirija cha kioo, tunaziba ncha, tunakizungusha dakika 5 kwa mizunguko 12,000 kwa dakika. Damu inajitenga: nyekundu chini, maji juu, katikati utando mweupe mwembamba. Nyekundu inasoma 18 kwa 100. Chini ya 25 tunashtuka, ingawa minyoo na kupe nao hushusha. Tunakata kijirija chini kidogo ya ule utando, tunauweka kwenye kioo, tunamwita mzee. Anaona mwenyewe vidudu vinavyojinyonga kati ya chembe za damu. Ananyamaza, halafu: "Haya, leteni na wengine."

Shida haijaisha. Pakiti ndogo ya ile ya njano, gramu 2.36, huchanganywa na maji mililita 15 na inatosha ng'ombe mmoja wa kilo 300. Mzee huwagawia wanne. Vimelea dhaifu hufa, vyenye nguvu hubaki na kuzoea dawa, na mwezi unaofuata analalamika kwamba dawa ni feki. Tunapima kifua kwa utepe, tunasoma kilo, kila mmoja anapata kipimo chake. Kisha ubishi wa bomba: anataka ng'ombe wote wapulizwe mwili mzima, na mbuzi pia. Ndorobo hupenda ng'ombe wakubwa, na huwauma zaidi miguuni. Ukipuliza deltamethrini, dawa ya wadudu, kwenye miguu na tumbo la wale wakubwa, unamuua ndorobo kwa dawa kidogo, na ndama wanabaki na kupe wachache wa kuwajengea kinga. Mzee anaona tunambania. Tunapuliza, tunatoka jasho, jenereta linazimika, tunaanza tena.

Na juu ya punda wa maji, chini ya madumu, kuna kitambaa chetu cha bluu. Cha pazia la dawa, lile linaloua, si mtego. Hakuna aliyeiba, bila shaka, "kilikuwa kimeanguka". Tunakibadilisha kwa gunia na kueleza kwamba kile kina sumu, watoto wasikilalie. Mapazia mapya yana chandarua katikati, vitambaa ni vipande vyembamba visivyofaa shuka wala tandiko. Ndorobo huzunguka nguo na kugonga chandarua, kwa hiyo yanaua vilevile.

Alasiri, sijui saa ngapi. Mtandao unapatikana juu ya kichuguu kilicho nyuma ya hema, na kikao kinaanza: wenzetu wa Cabo Delgado, upande wa Msumbiji, na mtaalamu aliye mbali sana na vumbi hili. Swali lake halibadiliki: kwa nini tusimwage madume tasa kama Unguja? Kati ya 1994 na 1997, madume zaidi ya milioni 8 waliozalishwa Tanga na kutiwa utasa kwa mionzi walimwagwa kwa ndege kule, na ndorobo akaisha. Jike kwa kawaida hupandwa mara moja tu. Akipandwa na dume tasa, basi. Lakini Unguja ni kisiwa, tena kilikuwa na aina moja ya ndorobo. Hapa aina ni zaidi ya moja, na kila aina hudai madume wake. Na nyuma yetu kuna Hifadhi ya Nyerere, iliyomegwa kutoka Selous mwaka 2019, ambako ndorobo hawakomi kutoka. Mwaka 2000 wakuu wa nchi za Afrika walikubaliana Lomé kumtokomeza ndorobo barani kote, na ninaunga mkono, ila kwanza ukanda wa mapazia pembezoni mwa hifadhi, manne kwa kila kilomita ya mraba, usitobolewe. Mtandao unakatika kabla hajajibu.

Usiku, fomu. Mtego namba 14: sifuri. Kijana aliyeukagua anasema grisi ipo, nyasi zimefyekwa, chandarua kizima. Na chupa? Chupa ilikuwa kavu. Naikata sifuri, naandika "haihesabiki", na kwenye orodha ya kesho namba 14 inakuwa ya kwanza: asetoni, kifuniko kipya, siku 3 upya.